Fungu la Kumi la Alvester Mabry

Hundi zilipangwa mezani kifudifudi, migongo juu, na kalamu ilifungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza isije ikaondoka na mtu. Ndivyo Shule ya Kilutheri ya Betheli ilivyofanya kila robo ya mwaka. Serikali ya jimbo ilikuwa inawalipia ada watoto wa wazazi wa kipato kidogo, waende shule binafsi wanayoitaka, hata ikiwa ya kanisa. Ila jimbo halikutaka kuonekana linalilipa kanisa. Kwa hiyo hundi iliandikwa jina la mzazi, ikatumwa shuleni, na mzazi akaitwa aje aisaini mgongoni ili shule iichukue. Watu wa Milwaukee, huko Marekani, waliiita vocha. Usifikirie ile ya kukwangua upate salio la simu.

"Saini hapa tu," alisema Bi Dietz, karani wa shule, kidole kikiwa kwenye mstari. "Hapa tu. Asante. Anayefuata. Hapa tu."

Wazazi walisaini upesi upesi. Wengine walikuwa wameomba ruhusa kazini, wengine hawakuwa na kazi ya kuombea ruhusa. Kahawa ilikuwepo, donati zilikuwepo, lakini ulikuwa ukimwona mtu anaipita sahani kama haioni. Hundi zililazwa kifudifudi ili mtu asione haya mbele ya wenzake, na mimi niliyeishi mtaa ule nakwambia, huko kulazwa kifudifudi ndiko kulikowatia watu haya. Kitu kizuri hakifichwi uso.

Alvester Mabry alifika mezani akavua kofia. Miaka yote mkewe Verlene ndiye aliyekuwa akisaini. Mwaka huu, siku ya kuandikisha, Verlene alikuwa zamu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na Alvester alikuwa nyumbani, kama alivyokuwa nyumbani tangu kiwanda cha ngozi kifungwe. Akaenda yeye kumwandikisha binti yao Kierra. Basi hundi ya kwanza ya mwaka ikaja kwa jina lake.

"Hapa tu, Alvester," alisema Bi Dietz.

Alvester hakusaini. Aliigeuza. Palikuwa na nembo ya jimbo, na kiasi cha pesa ambacho hajakishika siku nyingi, na juu yake maneno yaliyopigwa chapa safi: Mlipe Alvester T. Mabry.

"Hii ni yangu?" aliuliza.

"Ni ya shule. Jina tu ndilo lako."

"Hilo jina tu ndilo nililobaki nalo, Bi Dietz," alisema, tena kwa upole, akaitia hundi mfuko wa ndani wa koti. "Sitaisaini leo. Kuna kitu bado sijakitoa."

"Alvester. Hundi haitoki ukumbini humu."

"Itarudi."

Akavaa kofia akatoka. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alitumia nafasi hiyo kuchukua donati.

* * *

"Umechukua nini?" Verlene aliuliza. Alikuwa bado na viatu vya kazini, anakoroga maharage jikoni.

"Sijachukua. Imeandikwa jina langu."

"Hata bili ya gesi imeandikwa jina lako. Mbona ile huiweki mfukoni?"

Alvester alikaa. Aliiweka hundi mezani, mbali na maji. "Verlene, kila kinachoingia kwa jina lako, fungu la kumi la Bwana linatoka kwanza. Nimefundishwa hivyo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Hii imeingia kwa jina langu. Nikiisaini ikaenda yote, nimekula fungu la Bwana."

"Umekula nini? Hujaigusa hata senti."

"Mwanangu amekula. Alikuwa darasa la tatu hajui kusoma jina la mtaa wake. Leo ananisomea gazeti na kunisahihisha. Hicho si chakula?"

Verlene aliacha kukoroga. Alijua jambo lilikokuwa. Pale Mlima Nebo, kanisa lao la Kibaptisti, kila Jumapili kabla ya mahubiri Mchungaji alikuwa akisema, "Wenye fungu la kumi, simameni." Nao walisimama, kwaya ikaimba, wakazunguka kanisa zima na bahasha zao hadi kwenye meza ya mbele, na watu wakawapigia makofi. Verlene alikwenda kila wiki na la mshahara wake. Ili atoke kwenye benchi, ilimbidi mumewe avute magoti pembeni ampishe. Kabla kiwanda hakijafungwa, Alvester ndiye aliyekuwa akitangulia. Sasa alikuwa mtu wa kuvuta magoti. Hakuna aliyemsema, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe.

"Chukua bahasha yangu Jumapili hii," alisema Verlene, sauti imeshuka. "Upeleke wewe."

"Hilo ni jasho lako."

"Basi tutoe wapi? Fungu la kumi la hundi hii ni pesa ya gesi, na baridi inaingia."

"Najua."

"Na hundi inatakiwa Ijumaa."

"Najua, Verlene. Sijasema nina jibu. Nimesema siwezi kusaini."

Wakala maharage na mkate wa mahindi, hundi ipo katikati ya meza, kila mtu anaikwepa na sahani yake.

* * *

Habari ilifika kwa kinyozi kabla ya Alvester mwenyewe. Cleotis, mwenye duka, alikuwa anamnyoa Mchungaji Sturdivant, uso wa Mchungaji umejaa povu, na vijana wa benchi wameshakaa tayari kucheka.

"Huyo tajiri anaingia," alisema Cleotis. "Nimesikia serikali imekuandikia hundi."

"Imeandika."

"Pesa ya umma, inakwenda kwa kanisa la Wazungu, na wewe njiani unataka kuikatia fungu la kumi. Ndugu yangu, hata wezi wana haya." Vijana walicheka. Cleotis hakucheka sana. "Dada yangu anafundisha shule ya mtaa, unajua. Kila mtoto anayekwenda huko kwenu anaondoka na pesa yake. Yeye anabaki na darasa lile lile na chaki anajinunulia."

"Dada yako ni mwalimu mzuri, na sina la kumjibu," alisema Alvester. "Lakini Kierra hakuwa anasoma, Cleotis. Sasa anasoma. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Cleotis alifuta wembe kwenye kitambaa.

"Kaka Mabry," alisema Mchungaji kutoka ndani ya povu, "tulia. Hayo si mapato yako. Yanapita tu mkononi mwako."

"Mchungaji, hata mshahara ulikuwa unapita tu. Ulifika Ijumaa, Jumatatu haupo. Na fungu lake nilitoa, na wewe ulilipokea."

Duka zima liliangua kicheko, na safari hii hawakumcheka Alvester. Mchungaji alitafakari mpaka povu likaanza kukauka.

"Nitaliombea jambo hili," alisema hatimaye. Wachungaji husema hivyo wakishindwa.

Jioni ile Kierra alirudi shuleni amenuna. Alikuwa darasa la saba, mrefu, umri ule ambao mzazi akipiga chafya tu hadharani mtoto anataka ardhi ipasuke.

"Bi Dietz alikuja darasani," alisema. "Akaniuliza mbele ya watu wote kama baba yangu ni mzima."

Alvester alishusha macho. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni mzima, ila ni Mbaptisti."

Verlene aligeukia sinki ili asionekane anacheka. Lakini Kierra hakuwa anatania. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nitafukuzwa, Baba?"

Akasema hapana, akasema usijali. Mtoto aliingia chumbani, na Alvester akabaki anaitazama hundi, amejichukia.

* * *

Alhamisi jioni mwalimu mkuu wa Betheli, Bwana Behnke, alibisha hodi. Verlene alitandika shuka juu ya sofa pale palipotoboka, akatoa kahawa na keki ya siagi, akamkaribisha akae upande mzuri. Kierra alikuwa meza ya chakula na daftari zake, anajifanya hayupo.

"Sikuja kugombana, Bwana Mabry," alisema Behnke. Alikuwa mzee mrefu mwenye masikio makubwa, koti lake limetiwa kiraka kiwikoni. "Nimeona wazazi wakigoma kusaini kwa sababu ya sare. Mmoja aligoma kwa sababu ya supu. Kwa sababu ya fungu la kumi, wewe ni wa kwanza."

"Naomba radhi kwa usumbufu."

"Lakini fikiria hivi. Hundi yote inaingia nyumba ya Bwana. Mafungu yote kumi. Umeshazidisha."

"Inaingia nyumba yenu. Mimi nalishwa Mlima Nebo."

"Bwana ni yule yule."

"Ni yule yule," alikubali Alvester. "Lakini ninyi mnanyunyiza."

Verlene aliweka kikombe chini. Kwa Mbaptisti, mtu aliyenyunyiziwa maji kichwani badala ya kuzamishwa mzima mzima amelowa tu. Behnke alimtazama Alvester, kisha akacheka, masikio yote mawili yakicheza.

"Tunanyunyiza, kweli," alisema. "Na majira ya baridi namshukuru Mungu kwa hilo."

Akala keki, akaisifu, akaongezewa. Kisha akaweka sahani chini na uso wake ukabadilika. Hundi isiposainiwa kesho, alisema, itarudishwa jimboni, na hana pesa nyingine ya kiti cha Kierra. Angekuwa nayo asingefika hapa kumsumbua mtu nyumbani kwake. Alisema taratibu, na ilionekana inamuuma. Kisha, kwa nia njema kabisa, akafanya kosa. Alitoa pochi.

"Niruhusu," alisema. "Hilo fungu nikupe mimi. Ulitoe Jumapili, mambo yaishe."

Verlene alitazama zulia. Alvester alizitazama noti zile muda mrefu kuliko alivyotaka, maana zilikuwa noti za kweli, na gesi ilikuwa ya kweli pia.

"Rudisha pochi yako, Bwana Behnke," alisema. "Najua moyo wako ni mzuri. Lakini nikipeleka pesa yako nitakuwa nimekubebea tu."

Masikio ya Behnke yaligeuka mekundu. Aliirudisha pochi, akalikosa mara moja tundu la mfuko.

"Baba," alisema Kierra.

"Soma."

"Baba, ile hundi haiwi pesa. Haijawahi kuwa pesa hapa nyumbani." Alikuwa bado ameinamia daftari, anaogopa kumtazama. "Inakuwa siku. Mimi naenda Jumatatu mpaka Ijumaa. Ndicho tunachopata. Siku tano."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo fungu la kumi la siku tano ni nusu siku."

"Nusu siku ya nini?"

"Ya kufundishwa. Niitoe Mlima Nebo. Wale watoto wa darasa la Jumapili hawasomi, Baba, wanakariri. Ukiwageuzia kitabu juu chini wanaendelea tu. Naweza kuwafundisha Jumamosi asubuhi kama mimi nilivyofundishwa na mwalimu wangu Bi Lindquist, kwa kadi za maneno."

Verlene alikuwa ameshika birika la kahawa hewani.

"Hesabu ni sahihi," alisema Behnke. Hakuweza kujizuia, ualimu ulikuwa umemwingia mifupani.

"Utachoka," Alvester alimwambia binti yake.

"Nitachoka."

"Na hutalala Jumamosi. Wewe unayependa kulala."

"Najua, Baba. Si ndiyo maana ya kutoa?"

Alvester alikuwa amekaa siku zote hizo akitafuta cha kumpa Mungu, amepekua mifuko yote, na hakuwahi kugeuka kumtazama aliyekaa meza ya chakula. Moyo ulimjaa shukrani mpaka akaona aibu mbele ya mgeni. Akanyanyuka, akaenda dirishani, akasimama huko kwanza.

"Nitafungua mlango wa kanisa mimi," alisema bado akitazama nje. "Niwashe joto la ukumbi wa chini, nipange viti, nifagie. Asiende peke yake. Fungu ni letu wote." Akageuka. "Nipe kalamu, Bwana Behnke."

"Sheria inataka usainie shuleni."

"Basi kesho asubuhi. Kula keki."

* * *

Ijumaa ukumbi ulikuwa mtupu, meza imebaki moja. Bi Dietz alikuwa ameandaa maneno tangu Jumanne, tena mengine aliyafanyia mazoezi kwa mumewe. Alvester alivua kofia. Aliiweka hundi mezani uso juu, akalisoma jina lake mara nyingine, ndipo akaigeuza na kusaini bila haraka.

"Bi Dietz," alisema, "kila mara mnatuita kusaini, tunasaini, tunakimbia. Sidhani kuna aliyewashukuru. Nawashukuru kwa mwanangu. Wewe, na mwalimu wake, na hata huyo wa jimbo asiyetujua, aliyepiga chapa jina langu."

Bi Dietz aliyatafuta maneno yake asiyaone. Alichukua hundi, akasogeza sahani.

"Donati ni za leo," alisema.

Alvester alichukua mbili, moja ya Verlene.

* * *

Jumapili, Mlima Nebo ilijaa. Mchungaji Sturdivant alimaliza matangazo, akafuta jasho, akasema, "Wenye fungu la kumi, simameni."

Verlene alinyanyuka na bahasha yake. Alisubiri magoti yapishe. Magoti hayakupisha, Alvester alikuwa amesimama. Alimshika Kierra mkono, mtoto akiwa ametazama viatu vyake kwa haya, wakatoka kwenye benchi wote watatu na kuingia kwenye mstari. Cleotis kinyozi, aliyekuwa kwenye kwaya, alipoteza sauti yake kwa ubeti mzima.

Walizunguka. Bahasha zilidondoka moja moja kwenye sahani za shaba, Mchungaji akiziinua zikijaa. Alipofika Alvester, sahani iliyokuwa mezani ilikuwa tupu, imewekwa sasa hivi. Shemasi aliyesimama pale alingoja.

"Bahasha iko wapi, Kaka Mabry?" alinong'ona.

"Sina bahasha," alisema Alvester, na kwa kuwa kwaya ilikuwa inavuta pumzi, kanisa zima lilisikia. Ikabidi aendelee. "Nimeletewa siku tano za shule kwa jina langu. Nimeleta nusu siku. Binti yangu atafundisha kusoma hapa chini kila Jumamosi, nami nitafungua mlango. Ndilo fungu langu la kumi."

Mtu alikohoa. Huko nyuma kijana mmoja alianza kucheka, akafinywa. Alvester alihisi jasho linateremka mgongoni. Jana yake jambo lilikuwa dhahiri kabisa, na sasa, mbele ya sahani tupu, lilionekana jambo la mtu asiye na pesa. Mkono wa Kierra ulikuwa unamteleza kwa jasho.

Hapo ndipo aliponyanyuka Mama Pinkney. Alikuwa mkubwa kuliko wote kanisani, anakaa benchi la kwanza na gauni lake jeupe na kofia nyeupe, na kila Jumapili alikuwa akimpa mtoto wa karibu kitabu cha nyimbo amsomee, kwa sababu miwani kaisahau nyumbani. Watu walikuwa wamezoea, hata walikuwa wakimtania kwa kusahau.

"Hiyo nusu siku anapokea nani?" aliuliza.

"Watoto, Mama," alisema Alvester.

"Watoto wana muda. Watangoja."

Alifungua mkoba wake, akatoa miwani, akaivaa. Akaligeukia kanisa, ili kila mtu amwone vizuri.

"Ninayo kila Jumapili," alisema. "Macho yangu ni mazima. Kule Mississippi pamba ikikomaa, sisi tulifungiwa shule tukaichume, na pamba ilikuwa haiishi kukomaa. Sikufundishwa. Basi." Akamwinamia Kierra. "Jumamosi ni saa ngapi, mwanangu?"

Kierra alimtazama baba yake, kisha akamtazama bibi yule usoni. "Saa tatu, Mama Pinkney."

"Nitakuja saa mbili."

Mchungaji Sturdivant alichukua sahani ile tupu kwa mikono yote miwili, akaiinua juu kama alivyoziinua zilizojaa, akaliombea fungu la kumi la Kaka Alvester T. Mabry.